Fidla ya Marhoon na Kentucky ya Khalil

Salalah, 4 Januari 2025

Mama mdogo Kheiria,

Assalamu alaykum na shikamoo. Nakuandikia barua kwa kuwa umenikataza kukutumia sauti kwenye simu. Ulisema sauti ni silaha ya mtu asiyetaka kunukuliwa. Haya, ninukuu.

Tumekubaliwa. Kundi letu la Wana wa Jebel litapiga bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa milimani Amerika, Alkhamisi ya tarehe 6 Februari, Maskati, kwenye ukumbi wenye jukwaa na mapazia. Bibi Jawaher, anayesimamia onyesho, anataka kitu kimoja tu: maelezo mafupi ya kila mmoja wetu, muziki kaupata wapi, ayasome jukwaani kabla hatujaanza. Watakuwepo watu wa balozi, na Wamarekani kadhaa waliozaliwa ndani ya muziki huu. Mtambo wa maji huku Salalah haunipi ruhusa ya kuja mpaka siku yenyewe, basi nimewaandikia nyote.

Mimi: muasisi na mpiga banjo, niliyeishi Kentucky miaka mingi nikifunzwa na wazee wa milimani. Wewe: fidla, uliyefundishwa na mwalimu wa Kimarekani aliyewahi kukaa Maskati. Benedikta: besi na sauti, aliyekulia kwenye ranchi Tanzania akiwaimbia ng'ombe. Evans: gitaa, aliyejifunza kwa redio ya Amerika kule magharibi ya Kenya.

Wewe ndiye mwandishi wetu. Tazama nukta na mikato, unirudishie.

Mwanao,
Khalil


Bawshar, 6 Januari 2025

Khalil,

Wa alaykum salaam, marahaba. Nimetazama. Nukta ziko sawa na mikato iko sawa. Kibaya ni kile kilichomo baina yake.

Huyo mwalimu wa Kimarekani ni nani? Alikaa mtaa gani? Nimeandika magazetini zaidi ya miaka ishirini, nimetukanwa na maprofesa, wahariri na muuza saruji mmoja, lakini hakuna aliyenitukana kwa adabu kama wewe.

Unatafuta asili ya bluegrass uwaoneshe Wamarekani. Vizuri, tuitafute. Banjo unayoikumbatia ilizaliwa na watu wa Afrika Magharibi waliotekwa na kuvushwa bahari bila kuulizwa. Wenye milima waliichukua kwao. Kwetu Unguja, banjo na mandolini zilipigwa kwenye taarab kabla mama yako hajazaliwa. Bibi yako anazikumbuka na wapigaji wake, na nani kati yao alikuwa mlevi. Kwa hiyo ukipanda na banjo mbele ya hao wageni, wao ndio watoe maelezo wameipata wapi.

Sasa nisikilize. Fidla ninayopiga ni ya baba yangu, ambaye kwa bahati yako ni babu yako. Andika hivi: "Kheiria binti Marhoon, amefundishwa fidla na baba yake, Marhoon, mpiga fidla wa taarab Unguja." Nataka yasomwe hapa Maskati, kwa sauti, watu wamekaa wanasikiliza. Yasiposomwa sipandi, na bila fidla mtabaki watu watatu mnaokuna nyuzi.

Mama yako mdogo,
Kheiria


Salalah, 9 Januari 2025

Mama mdogo,

Nimempigia mama. Anasema babu Marhoon hakuigusa fidla tangu alipotia mguu Maskati. Ilikaa juu ya kabati, ndani ya foronya. Na nyinyi watoto aliwafunza mkiulizwa skuli mjibu, "Baba yetu ni karani." Basi alikufundisha lini? Wewe unanisuta kwa mwalimu wangu wa kubuni, na wako je? Angalau wangu hana ndugu wa kumkanusha.

Tena fikiria. Ukitaja taarab, watu watangojea mabibi harusi. Bluegrass ina heshima yake. Msikilizaji hukaa kimya mpaka mwisho, akapiga makofi, basi.

Jumamosi mtapiga kwa mama yangu, mbele ya wanawake wa mtaa, muone kama mko tayari. Ule wimbo wa jirani na nyumbu nimesikia umeutia Kiswahili ili bibi aufahamu. Kwa nyumbani sawa, lakini usivuke hapo. Nimemuomba Benedikta aniletee khabari, kwa sababu wewe utaniletea hoja.

Khalil


Ghubra, 12 Januari 2025

Kaka Khalil,

Habari za Salalah? Huku saluni mimi mzima, wateja wananimaliza. Ulisema nikueleze ya jana kwa Bi Nasriya, mama yako. Kaa kwanza.

Tulianza vizuri. Evans na gitaa lake, mimi besi, Bi Kheiria fidla. Wamama wametulia kama ibadani. Tukaingia kwenye wimbo wa jirani. Unajua kwa Kiingereza mtu anaazimwa nyumbu, anamrudisha anachechemea. Bi Kheiria akamtoa nyumbu, akaweka hivi: "Uliazima kizima, umerudisha kilema." Mimi naimba tu. Sikujua kwamba Bi Ibtihal alimwazima Bi Shaikha sufuria kubwa ya biriani, ikarudi imetoboka, na kwamba hawasalimiani tangu hapo. Bawshar nzima inajua. Mimi naishi Ghubra.

Bi Ibtihal akasimama. Anakuja polepole, noti ameinyanyua juu, macho yote kwa Bi Shaikha. Akanibandika noti kwenye paji la uso. Kwetu Tukuyu kwaya ikitunzwa maana yake umebarikiwa, unashukuru na kuingia ubeti unaofuata kwa nguvu. Nikamwambia "Mungu akubariki, mama," nikaingia ubeti unaofuata. Kumbe nimeharibu. Bibi yako, Bi Masouda, akagonga bakora sakafuni: "Rudia."

Ndipo nikaelezwa. Kwenye taarab anayetunza ameuchukua ule ubeti, ni wake, umesema yaliyo moyoni mwake, na unaurudia mpaka aridhike akae. Nikarudia. Bi Shaikha naye akainuka na noti yake, akautunza ubeti uleule, kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa, sufuria alipewa tayari inavuja. Wote wawili wamenisimamia, hakuna anayekaa. Kila nikitaka kusogea mbele, bakora: "Rudia." Kaka, niliimba mstari mmoja mpaka ukapoteza maana. Evans akaanza kupiga gitaa kwa kidole gumba peke yake, vingine vimechoka. Khalas, Bi Nasriya akaleta chai ndiyo ikatuokoa.

Halafu lile la ng'ombe. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, kaka. Maziwa tulinunua dukani. Mimi niliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Moraviani, na gitaa la besi nililipata kwa sababu mpigaji wake alioa akahamia Chunya. Evans anasema yeye umwandikie hata kwamba alizaliwa mwezini. Ila alifundishwa na babu yake, babu anacharaza kwa vidole viwili na yeye pembeni anakwaruza chupa ya Fanta kwa msumari kuweka mwendo. Anaomba chupa itajwe.

Dada yako,
Benedikta


Salalah, 14 Januari 2025

Mama mdogo,

Bibi Jawaher amenipigia. Wanawake wanapiga simu ukumbini kutaka tiketi, na wanauliza kama hiyo ndiyo siku ya sufuria. Amenitaka nimfahamishe sufuria ina uhusiano gani na bluegrass. Nilisema mtandao unakatika.

Ndilo nililolikhofu. Muziki wa watu umeugeuza kuwa mipasho.

Nimezungumza na Mromania mmoja anayepiga fidla kwenye hoteli huko Maskati. Yuko tayari. Nitamleta mazoezini ikiwa mpaka tarehe 20 hujakubali maelezo niliyoyaandika. Sitaki kukuvunjia heshima, lakini nimelingojea jukwaa hili tangu nilipoinunua banjo, na sitaki kuchekwa juu yake.

Khalil


Bawshar, 17 Januari 2025

Khalil,

Umeugeuza, unasema. Hebu uhesabu nyimbo zako za milimani. Huyu kamtosa mchumba mtoni, yule kaachwa stesheni, wa tatu kaibiwa mbwa na anataka kaunti nzima ijue. Hiyo ni mipasho iliyovaa kofia. Bi Ibtihal aliufahamu muziki wako kuliko wewe, na hakuhitaji kusoma jalada la sahani ya santuri.

Sasa umeniuliza baba alinifundisha lini. Ni suala zuri, nikujibu.

Tulipokuja Maskati nilikuwa sijaanza skuli. Watu walituuliza sisi ni nani hasa, na Kiarabu chetu kilichekwa madukani. Baba alipata kazi ya ukarani, na mkubwa wake mmoja akamwambia kwa wema kabisa kuwa mtu anayetaka kupanda cheo haonekani akipiga fidla kwenye harusi. Ile foronya unayoisema aliishona yeye mwenyewe. Lakini hakuiuza, Khalil. Alikuwa na shida za kutosha za kumfanya aiuze.

Mimi niliishusha nikiwa na miaka kumi, yeye yuko kazini. Nikawa nafanya hivyo kila mchana. Akirudi alikuwa anakohoa langoni. Kikohozi kikubwa, cha mtu mwenye pumu, na pumu hakuwa nayo. Nikikisikia nairudisha juu ya kabati, naketi na kitabu. Anaingia, anasema, "Unasoma? Vizuri." Kisha anatoka uani kumwagilia mndimu. Nyumba yetu ilikuwa Ruwi, ua wenyewe mdogo, mndimu mmoja, na yeye anaumwagilia mpaka maji yanafika barabarani. Na anapiga mluzi. Anapiga kipande kilekile nilichokuwa nakikosea, pale pale nilipokosea, polepole, mara mbili. Siku ya pili nakipiga sawa. Jioni yake mluzi unakwenda mbele, kipande kinachofuata.

Miaka saba nilifunzwa hivyo. Hatukuwahi kusemezana neno moja juu yake. Alipokufa, nguo zake ziligaiwa, na nilipoifungua foronya nikakuta nyuzi mpya. Mimi nilikuwa sijawahi kununua nyuzi.

Mwalimu wako wa Kimarekani amenipigia mluzi lini?

Baba alijificha ili nyinyi msome, mpate kazi za mitambo, mtembee mjini bila ya kuulizwa nyinyi ni nani. Mmepata. Wa kumficha tena hayupo isipokuwa wewe.

La mwisho. Nilimsomea bibi yako ulichojiandikia wewe. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Kentucky ndio wapi?" Nikamwambia Amerika. Akasema, "Khalil hajakaa Amerika. Kasoma Hull, Uingereza. Nnajua, mie ndiye niliyekuwa n'nampelekea achari ya ndimu, akinambia chakula cha huko hakina ladha. Hiyo banjo kajifunza chumbani kwa kompyuta, barafu ilikuwa imewafungia. Amerika alipita mara moja, ndege ilichelewa, hata nje ya uwanja hakutoka." Kisha akaendelea na mchele wake.

Kheiria


Salalah, 18 Januari 2025

Mama mdogo,

Nani mwengine anajua?

Khalil


Bawshar, 20 Januari 2025

Khalil,

Anajua bibi yako. Mama yako Hull anaijua, bila shaka, lakini kwenye kundi sijamwambia mtu.

Usiogope. Silitumii. Nikimshinda mtu kwa siri yake nitakuwa sijamshinda kwa hoja, na hoja ninayo. Kentucky yako ibaki, ukitaka ongeza na farasi. Kuhusu mimi, maneno yangu unayo. Utakayompelekea Bibi Jawaher ni shauri lako. Siku ya onyesho nitakuja ukumbini na fidla yangu imo ndani ya sanduku, nitakaa nyuma ya pazia, nisikilize. Nikisomewa baba yangu nitafungua sanduku. Nikisomewa Mmarekani, narudi zangu Bawshar na njia ninaijua.

Mromania wako mlete. Nitamkaribisha kama mgeni.

Kheiria


Ghubra, 27 Januari 2025

Kaka Khalil,

Mromania wako alikuja juzi, tulifanyia mazoezi saluni baada ya kufunga. Mtu mpole na anapiga vizuri, siwezi kusema uongo. Bahati mbaya Bi Masouda alikuwepo, alikuja kutiwa hina, mikono yote miwili hawezi kugusa kitu, kwa hiyo hakuwa na haraka.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Muulize baba yake nani." Nikauliza kwa Kiingereza. Akasema baba yake alipiga fidla kwenye harusi za kijijini kwao, naye alijifunza akiwa chini ya meza. Bi Masouda akasema, "Alaa. Basi na huyo aandikwe baba yake." Nikatafsiri. Yule mtu akataka kujua kwa nini baba aandikwe, ikabidi Evans amweleze habari yote, ya foronya na ya mluzi, Bi Kheiria alikuwa ametusimulia. Akafunga fidla yake. Amesema hawezi kukaa kwenye kiti cha mtu ambaye ametolewa kwa sababu ya baba. Amesema pia tumpe salamu Bi Kheiria, na hina yake ni nzuri, hiyo alimwambia Bi Masouda.

Kwa hiyo fidla huna, kaka, isipokuwa ile moja. Mimi sikufundishi. Ila ng'ombe watoe.

Benedikta


Bawshar, 9 Februari 2025

Khalil mwanangu,

Ulitua, ukapanda jukwaani na vumbi lako, na alfajiri ukarudi mtamboni, kwa hiyo hatukuzungumza. Tena muda wote uliinamia banjo unakaza nyuzi zilizokwisha kukazika. Sidhani kama uliona. Nikueleze.

Nilikaa nyuma ya pazia, sanduku limefungwa, viatu vya kutokea nimevaa. Bibi Jawaher akatoka na karatasi. Sauti nzuri, Kiarabu safi, kisha Kiingereza. Akaanza na Evans: babu yake, vidole viwili, na chupa ya Fanta. Wamarekani walipenda sana chupa. Evans aliinyanyua juu kama kombe. Akaja Benedikta, kwaya ya Moraviani, Tukuyu, na mpigaji aliyeoa akahamia Chunya. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Hapo nilisogea karibu na pazia, maana nilijua umeandika upya, lakini sikujua umeandika upya mpaka wapi.

Akasema: "Kheiria binti Marhoon, fidla. Amefundishwa na baba yake, Marhoon, mpiga fidla wa taarab Unguja, kwa mluzi, uani kwao Ruwi."

Mluzi sikukuomba. Umeutia mwenyewe.

Nilikuwa sijafika kwenye kufuli ya sanduku niliposikia bakora. Nikachungulia. Mama ameinuka safu ya mbele. Anapanda ngazi za jukwaa moja moja, mkono mmoja bakora, mwengine noti ameinyanyua juu. Wimbo haujapigwa hata mmoja. Bibi Jawaher alifikiri bibi amepotea njia ya choo, akamnyooshea mkono kwa adabu. Mama akambandika noti kwenye paji la uso, akaegemea bakora yake, akasema, "Rudia."

Maskini yule binti, Kiswahili hajui. Ametazama huku na huku na noti imemganda usoni. Bi Ibtihal akamtafsiria kwa Kiarabu kutoka safu ya pili, kwa sauti ya kuita watoto. Jawaher akasoma tena. Mama hajakaa. Wanawake wakapiga vigelegele, Bi Shaikha akiongoza, maana hakutaka Bi Ibtihal awe peke yake aliyesaidia. "Rudia." Akasoma tena. Wamarekani wakaona ndivyo bluegrass inavyofunguliwa Maskati, wakaanza kupiga makofi kwa mwendo. Mtu aliyekaa juu ya kabati, ndani ya foronya, jina lake limesomwa ukumbini mara tatu kwa lugha mbili, na mkewe amesimama hapo hapo anahakikisha halikosewi.

Mimi nimeandika maneno mengi maishani mwangu ya kutaka watu wabadilike. Sijapata kuona maneno yakifanya kazi haraka namna ile. Nilifungua sanduku, nikatoka, na kama fidla yangu ilikwenda juu kidogo katika wimbo wa kwanza, usinitaje.

Sasa lako. Baada ya mama kushuka, Jawaher akasoma: "Khalil, banjo, mjukuu wa aliyetajwa." Basi. Kentucky haimo. Nimekaa nikitafuta cha kukukosoa, nimekosa, na hali hiyo sijaizoea. Lako bibi yako hakulitunza. Aliinama kwa mama yako akamwambia, na mimi nimesikia kutoka jukwaani, "Hakutaja achari."

Jana Bibi Jawaher amepiga simu nyumbani. Anasema kazini kwake hawaruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa watazamaji, anataka kuleta noti ya mama. Nilimfikishia mama. Akasema noti hairudishwi mkononi, ila akiona uzito na aje nayo, na aje na ile karatasi aliyoisoma.

Anakuja Jumatatu. Mama amekwisha roweka mchele, na anauliza kama wewe huko una nafasi ya kupokea chupa mbili za achari ya ndimu.

Mama yako mdogo,
Kheiria binti Marhoon